SAUTI ZA KULIWAZA NA UTULIVU WA MOYO

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa Maramba, Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usiku ili tutulie ndani yake, na akatupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na tunamtaka msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake asiye na mshirika, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, na aali zake, na masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nyinyi mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, mashambani na njiani! Tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hakika amefaulu mwenye kumcha, na amekula hasara mwenye kughafilika.

Ndugu Waislamu! Khutba yetu ya leo imetokana na swali. Usiku mmoja katika siku za masika, baada ya Sala ya Isha, alitujia kijana wa hapa Maramba ambaye kazi yake ni kuendesha pikipiki ya abiria. Alitusalimia kwa adabu, akangoja watu watawanyike, hata walipobaki wawili watatu, akasema: "Maalim, kuna video ninazoziangalia kwenye simu usiku ili nipate usingizi. Hazina ngoma wala hazina utupu. Mtu anakata sabuni kwa kisu, polepole. Au anapitisha brashi juu ya nguo. Au ni mvua tu, inanyesha juu ya majani. Je, nina dhambi?"

Sisi tulikuwa tumechoka, na swali lile tuliliona dogo. Tukamjibu kwa haraka: "Mwanangu, mvua inakunyeshea juu ya bati la nyumba yako, nawe unaitafuta ndani ya simu? Acha upuuzi huo. Soma Kur'ani ulale." Wale waliobaki wakacheka. Kijana akasema, "Ewallah, maalim," akaondoka.

Tulipokwenda kulala, swali lile halikutuachia. Kijana mwenye afya, anayeshinda juani na vumbini kutwa nzima, mwili wake umechoka. Kwa nini atafute hila ya kupata usingizi? Na kwa nini angoje watu watawanyike ndipo aulize? Tukatambua kwamba tumemkosea. Asubuhi tukamtafuta. Aliyotwambia tutayasimulia katika khutba ya pili, kwa idhini yake na bila ya kumtaja jina. Kwanza tulijibu swali lake kama inavyopasa, kwani wengi wanalo swali kama hilo na hawana wa kumwuliza.

Enyi ndugu katika imani! Kabla ya kulihukumu jambo ni lazima kulijua. Siku hizi katika intaneti zimejaa video zinazotengenezwa makusudi kwa ajili ya kuliwaza. Hazina hadithi wala habari. Zina sauti ndogo ndogo na vitendo vya taratibu: mtu ananong'ona, anakunja karatasi, anagonga mbao kwa kucha, anachana nywele, anamwaga mchanga, anakata sabuni. Nyingine ni sauti za maumbile, yaani mvua, mawimbi na kijito. Baadhi ya watu wakisikia sauti hizo huhisi msisimko mwepesi unaoanzia utosini na kushuka shingoni mpaka mgongoni, kisha mwili mzima ukalegea. Hali hiyo ilipewa jina mwaka 2010 na mwanamke wa Kimarekani, Jennifer Allen, na tangu hapo inajulikana duniani kwa herufi nne, ASMR. Si kila mtu anaihisi. Wapo wanaosikiliza wasihisi lolote, na wapo ambao sauti hizo huwaudhi.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Swansea huko Uingereza, Emma Barratt na Nick Davis, walitoa matokeo ya kuwauliza watu 475 wenye kuzitazama video hizo. Katika kila watu 100, watu 82 walisema wanazitumia ili wapate usingizi, na 70 walisema wanazitumia kupunguza msongo wa mawazo. Waliokuwa na huzuni nzito walisema walipata nafuu. Lakini nafuu hiyo haikudumu, kwani baada ya saa 3 ilikuwa imekwisha kupungua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, wakiongozwa na Giulia Poerio, waliwapima watu kwa vyombo. Waliona kwamba kwa wale wenye kuuhisi msisimko huo, mapigo ya moyo hupungua kwa wastani wa mapigo 3 hivi kwa dakika wanapotazama. Basi si uzushi mtupu. Mwili hutulia kweli kweli, na mwenye kusema kwamba anapata nafuu hasemi uwongo.

Wala si vigumu kulifahamu hilo. Mwenye wasiwasi usiku moyo wake ni kama ng'ombe aliyekatika kamba. Hukimbilia jambo hili, akarukia lile. Sauti ndogo inayojirudia humpa moyo kitu kimoja cha kushikilia. Mvua yenye kuendelea huzifunika kelele za ghafla, mbwa anayebweka na pikipiki inayopita. Pumzi zikatulia, viungo vikalegea, usingizi ukaja. Mama zetu walikwisha kulijua hilo tangu zamani, wakatubembeleza kwa sauti ya chini na kwa kutupigapiga mgongoni polepole.

Ndugu Waislamu! Je, dini yetu inakubali kwamba kitu cha dunia kinaweza kuuliwaza moyo? Ndiyo, inakubali. Tazameni yaliyotokea Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra. Waislamu walikuwa wachache kiasi cha 300 na kidogo, na adui alikuwa zaidi ya mara tatu yao. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 11, kwamba aliwafunika kwa usingizi ili wapate amani itokayo kwake, na akawateremshia mvua kutoka mbinguni, akawatakasa kwayo na kuziimarisha nyoyo zao. Mvua na usingizi, vyote viwili katika aya moja, vilikuwa ni msaada wa Mola kwa watu wenye khofu. Basi asimcheke mtu mwenzake kwa kutulizwa na sauti ya mvua, kama sisi tulivyocheka.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa akifiwa na jamaa yake, wanawake wakikusanyika kisha wakatawanyika na kubaki watu wa nyumbani na walio karibu naye tu, huamrisha upikwe uji wa shayiri uitwao talbina, akawapa wanywe. Akasema kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Zingatieni, ndugu zetu! Uji ni chakula tu, nao una kazi yake moyoni. Na zingatieni neno "baadhi". Mtume hakusema kwamba huondoa huzuni yote.

Wahenga wa Kiislamu waliyafahamu mafunzo haya wakayatenda. Abu Zaid al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Alieleza humo kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akazungumzia hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, akapambanua huzuni ijulikanayo sababu yake na ile isiyojulikana. Akawausia watu waweke akiba ya fikira njema siku za afya, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Sultani Qalawun alipojenga hospitali mjini Cairo mwaka 683 wa Hijra, yaani 1284, wagonjwa wa akili walipewa mahali pao humo, kukawekwa na chemchemi za maji. Na katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili mjini Edirne, iliyojengwa mwaka 1488 katika dola ya Waturuki, msafiri Evliya Celebi alieleza katika karne ya 17 jinsi wagonjwa walivyotibiwa kwa sauti nzuri, kwa maji yatiririkayo na kwa harufu za maua. Basi kuliwazwa kwa sauti hakukuletwa na simu. Kumo katika mapito ya wazee wetu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Baada ya kuyajua hayo, hukumu yake iko wazi. Asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuviharimisha. Mtu mwenye kutazama mvua, au bahari, au sabuni ikikatwa, ili apumzike kisha aamke na nguvu za kumwabudu Mola wake na kuwatafutia watoto wake, hana dhambi. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Hanzala aliyoipokea Muslim, alitufundisha kwamba moyo una saa ya ibada na saa ya mambo ya dunia. Lakini ipo mipaka minne, na tunakuusieni muishike.

Mpaka wa kwanza ni kile kinachotazamwa. Baadhi ya video hizo zina wanawake au wanaume wenye kunong'ona kwa sauti ya kutamanisha, na nyingine zimevuka hapo. Mwenye kusema "mimi nataka usingizi tu" na huku macho yake yanastarehe na haramu, anajidanganya nafsi yake. Amri ya kuinamisha macho imo katika Sura ya An-Nur, aya ya 30 na ya 31, na inawahusu wanaume na wanawake pamoja.

Mpaka wa pili ni wakati. Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake, kama alivyopokea Abu Barza katika Bukhari na Muslim. Video hizi zimepangwa moja ifuatwe na nyingine bila ya mtu kuagiza. Mwenye kuingia kutafuta usingizi hujikuta saa 8 za usiku yuko macho, na mwanga wa kioo cha simu wenyewe huuchelewesha usingizi. Adhana ya Alfajiri ikamkuta ndio kwanza amelala. Dawa iliyomkosesha mtu Sala imegeuka kuwa maradhi. Mwenye kuhitaji sauti, na aiwashe, aifunike simu kifudifudi, aiwekee muda wa kuzimika.

Mpaka wa tatu ni mali. Bando la intaneti hununuliwa kwa fedha, na fedha ina haki yake: unga, ada ya mtoto, dawa ya mzazi. Na miongoni mwa video hizo zimo za mtu mmoja akila lundo la chakula kwa ajili ya kusikizisha sauti ya kutafuna tu. Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kufanya israfu, na asiyefaa kupendwa kwa tendo lake hafai kutazamwa kwa starehe.

Mpaka wa nne ni moyo wenyewe. Utulivu wa mwili ni jambo moja, na utulivu wa moyo ni jambo jingine. Katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 28, tunafundishwa kwamba nyoyo hutua kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Sauti ya mvua inaweza kuyapunguza mapigo ya moyo. Haiwezi kumsamehe mtu dhambi yake, wala kumrudishia tamaa aliyoikata, wala kumpa jibu la "kwa nini limenifika hili?" Basi mwenye kutafuta usingizi na aanze na Sunna: atawadhe, alale ubavu wake wa kulia, akusanye viganja vyake, avipulizie na kusoma sura tatu za mwisho wa Kur'ani, ajipanguse mwilini mara tatu, kama alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.) kila usiku. Akisikiliza mvua baada ya hapo, hapana ubaya.

Wapo wanaouliza: je, tukiwasha kisomo cha Kur'ani usiku kucha si bora kuliko mvua? Kuisikiliza Kur'ani mpaka usingizi ukakuchukua ni jambo jema, na aliyeshikwa na usingizi hana lawama. Lakini tusiifanye Kur'ani kuwa dawa ya usingizi tu, ikasoma peke yake chumbani kama saa ya ukutani na hakuna mwenye kuizingatia. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa kuisikiliza na kunyamaza inaposomwa.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuijua siri ya kila moyo na kilio cha kila anayelia peke yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake aliyekuwa na huruma kwa waumini, na aali zake na masahaba zake wote.

Enyi Waislamu! Tuliahidi kuyasimulia aliyotwambia yule kijana. Tulimkuta penye kituo chao cha pikipiki, tukamwomba radhi, tukakaa naye kando. Alitwambia kwamba miezi minne kabla ya hapo alimpakia rafiki yake wakitoka mjini Tanga. Njiani wakapata ajali. Yeye aliumia mguu akapona. Rafiki yake alifia mikononi mwake kabla ya kupatikana gari la kumchukua. Tangu siku hiyo, akifumba macho, anasikia kishindo kile. Akilala, huamka anatetemeka. Siku moja, kwa bahati, alikuta katika simu video ya mvua, akaona kishindo kinafunikwa. Ndipo akaanza kuishi nazo. Mama yake alipomwuliza kwa nini macho yake mekundu, alisema ni vumbi la barabarani.

Tukamwuliza: "Mwanangu, ni nani mwingine ajuaye jambo hili?" Akajibu: "Simu tu, maalim. Na wewe, leo."

Ndugu zetu, jibu hilo lilituumiza. Kijana huyu anasali pamoja nasi. Anakaa nyumba moja na baba yake, mama yake na wadogo zake watatu. Alimzika rafiki yake mbele ya macho yetu. Sisi sote tulihudhuria maziko, tukasoma khitma, tukala, tukaanua matanga, kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyerudi siku ya kumi kumwuliza, "Je, unalala?"

Sasa irudieni ile Hadithi ya talbina. Bibi Aisha aliamrisha uji upikwe wakati gani? Watu walipokwisha kutawanyika. Hapo ndipo huzuni inapoanza kazi yake, nyumba inapokuwa kimya. Na uji ule haukujipika wala haukujipeleka. Uliletwa na mkono wa mtu, akaketi, akasema: kunyweni. Faraja ile ilikuwa na mwenye nayo. Katika video hizi yako mambo mengi ya mtu kumnong'oneza mtazamaji, kumwuliza hali yake, kujifanya anamchana nywele au anampima homa. Mgeni aliye ng'ambo ya bahari, asiyemjua wala hatamjua, anampa mtoto wetu upole wa kuigiza. Na mtoto wetu anauhitaji, kwa sababu nyumbani hausikii ule wa kweli. Kabla ya kumlaumu kijana kwa mnong'ono anaousikiliza, tujiulize: sauti zetu sisi majumbani zikoje? Je, tuna neno lolote la usiku kwa watoto wetu ila "zima taa" na "umefunga mlango"?

Wengine wetu hudhani kwamba huzuni na wasiwasi ni dalili ya upungufu wa imani, na kwa dhana hiyo huwanyamazisha wagonjwa. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimhuzunikia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na hayo yamo katika Sura ya Yusuf, aya ya 84. Alikuwa Nabii, na subira yake ilikuwa nzuri, na huzuni yake haikuipunguza daraja yake. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akijilinda kwa Mola wake na hamu na huzuni, kama alivyopokea Anas katika Bukhari. Hajilindi mtu na kitu kisichokuwepo.

Na maradhi haya yana matabibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Katika mkoa wetu huu wa Tanga, kule Lutindi katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 ikawa mahali pa kuwatibu wagonjwa hao. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu watu wa milima hii waone kwa macho yao kwamba akili huugua na hutibiwa. Hatuna udhuru wa kulifanya jambo hili kuwa aibu, au kumfungia mtu ndani, au kumzungusha kwa waganga mpaka mali ya nyumba iishe. Kwa hiyo, mwenye kukosa usingizi wiki baada ya wiki, mwenye kushtuka usiku kwa tukio lililopita, asiyeonja tena ladha ya chakula wala ya kazi, na aende hospitali, na jamaa yake amsindikize. Na mwenye kusema kwamba anatamani kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Siku hiyo hiyo apelekwe kwa daktari. Asiambiwe kwamba ana ibilisi, na asiambiwe akatazame simu.

Yule kijana tulikwenda naye kwa baba yake. Mzee yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mimi nilidhani amesahau, kwa kuwa hataji." Tukafuatana wote watatu hospitali. Daktari akamsikiliza, akamweleza kwamba hali hiyo inajulikana, huwapata watu baada ya kuona tukio la kutisha, na tiba yake ni mazungumzo, na dawa ikihitajika. Ameanza kuhudhuria. Siku hizi baba yake hutandika mkeka wake chumbani mwa mwanawe. Wakitoka Isha hukaa, wakazungumza kidogo, wakasoma zile sura tatu pamoja. Hatusemi kwamba amekwisha kupona. Ziko siku analala mpaka Alfajiri, na ziko siku anashtuka. Siku hizo anaposhtuka, yuko mtu wa kumwita. Na ile mvua ya kwenye simu? Huiwasha baadhi ya siku. Daktari hakumkataza, na sisi pia hatukumkataza. Imebaki mahali pake, kama uji, inaondoa baadhi ya huzuni.

Enyi Waislamu! An-Nu'man bin Bashir alipokea kwa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba waumini katika kupendana na kuhurumiana ni mfano wa mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa, mwili wote huitikia kwa homa na kwa kukesha. Mtume amelitaja hilo la kukesha. Alama ya kuwa sisi ni mwili mmoja ni kwamba mmoja wetu akikosa usingizi, mwingine naye hakosi kulijua. Na usiku ule wa Badri, masahaba walipolala ndani ya mvua, Imamu Ali amesimulia, kama alivyopokea Imamu Ahmad, kwamba hakuna aliyekuwa macho ila Mtume (S.A.W.), chini ya mti, akisali mpaka asubuhi. Watu wake walipata usingizi, na yeye akakesha kwa ajili yao.

Basi kila mmoja wetu, akitoka hapa leo, amkumbuke mtu mmoja aliyefiwa, au aliyepata ajali, au aliyeachwa, au aliyepoteza kazi, ambaye matanga yake yamekwisha kuanuliwa. Aende kwake. Asiende na khutba. Aende na uji, au na kahawa, au mikono mitupu, amwulize: "Je, unalala?" Kisha anyamaze asikilize. Na sisi wenye kufundisha, tukiulizwa swali dogo na mtu aliyengoja wengine waondoke, tusicheke.

Ewe Mwenyezi Mungu, waghufirie Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Ewe Mola, wape usingizi wasiolala, wape amani wenye khofu, waondolee mzigo wenye huzuni. Waponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi. Wajaalie wazazi wetu masikio ya kusikia, na watoto wetu ndimi za kusema. Tuhifadhie macho yetu na yale uliyoyaharimisha, na uzifanye nyoyo zetu zitulie kwa kukukumbuka Wewe. Ibariki nchi yetu, wape viongozi wetu hekima na uadilifu, na ututeremshie mvua ya kheri isiyo na madhara. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake naye atakuzidishieni. Simamisheni Sala.